Inchi Sita, Mpanga Mabomba wa Safu ya Juu

Marehemu mzee wetu, ambaye kazini na mtaani alijulikana kama Inchi Sita, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili wa fundi cherehani. Baada ya shule ya msingi na sekondari alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu stashahada ya uhandisi wa maji mwaka 1981. Dada yake anakumbuka alivyorudi nyumbani na suruali moja na rula tatu.

Mwaka 1982 aliajiriwa idara ya maji kupanga mabomba ya makazi mapya. Alifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1986 na mwalimu wa chekechea, wakajaliwa mabinti wawili.

Jina lake la utani alilipata mwaka 1994. Nyumba mia mbili na arobaini zilikuwa zikijengwa mlimani, naye akachora bomba kuu la inchi sita. Mwenye mradi akang'ang'ania la inchi nne. Marehemu alibisha wiki tatu, mwishowe akachoka, akasaini. Watu walipohamia, mabomba ya safu ya juu ya nyumba yakatoa upepo mtupu. Hapo akaihamishia familia yake safu hiyohiyo.

"Usaini wewe, ndoo nibebe mimi?" mkewe alimuuliza.

"Tutabeba wote, mama watoto. Nikikaa bondeni nitajisahau."

Na alibeba kweli, miaka minne, kila alfajiri kabla ya kazi, pamoja na ndoo za bibi jirani. Kila mwezi alipeleka ofisini barua ileile ya kuomba bomba la inchi sita, akibadilisha tarehe tu. Mei 1998 bomba la inchi sita likalazwa. Mkewe alimkuta jikoni, maji yanamwagika, analia kama mtoto. Anasema siku hiyo alimpenda kuliko siku ya harusi.

Tarehe 2 Agosti 2021 kiharusi kilimnyang'anya maneno. Miezi ishirini na miwili yeye na mkewe waliongea kwa viganja: kubana mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Alifariki hospitalini tarehe 9 Juni 2023, saa mbili kasorobo asubuhi. Mkewe alikuwa bado anapanda ngazi na chupa ya chai.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na dada yake. Mjane bado anasema "tumekula", "tunakwenda kulala", nasi hatuna haraka ya kumsahihisha.

Pumzika, baba watoto. Umechoka kihalali.