Kampuni Imesoma Kodi Yake Sokoni

Kwenye gari la abiria, Probox ya kutoka Bisil, mama mmoja, Soipan, alikuwa akimwambia abiria wa kando yake jinsi walivyoishinda kampuni ya kuchimba mawe. "Tulijaza ng'ombe kwa barabara ya malori, tukasema hatutoki mpaka watuambie wanalipa kodi gani. Jana meneja amesimama sokoni akasoma yote, hata ile walikuwa wameficha!"

Yule abiria, Munguti, dereva wa lori la kampuni hiyohiyo, akaguna. "Na wakihama, mama, mimi nitakula nini?"

"Wahame na nini? Hiyo mawe iko na miguu?"

Gari zima likacheka, hata mimi niliyejifanya nimelala. Tulipofika steji ya Kitengela, Soipan akashuka akiimba.