Muuguzi Aliyelala Kitanda Namba Sita

Baada ya miaka thelathini na tatu kwenye wodi ya upasuaji ya wanaume, muuguzi wetu mwandamizi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wagonjwa walimwita Mzee Kawaida. Mtu akilalamika kwamba mpira wa mkojo unamsumbua, jibu lake lilikuwa hilo hilo: kawaida tu, utazoea. Na alilisema huku ameshafika kitanda cha pili.

Kwa hesabu yake mwenyewe amewawekea mipira wanaume zaidi ya elfu nne, na baadhi ya aliowafundisha kazi leo ni mabosi wake. Somo lake la kwanza kwa kila mgonjwa: usisimame kabla hujaushika mfuko wako wa mkojo.

Mwaka jana mwezi wa nane, tezi dume ikamgeukia yeye. Akafanyiwa upasuaji hapa hapa, akalazwa kitanda namba sita. Siku ya pili, saa sita mchana, akahisi amebanwa na mkojo. Wote wale elfu nne aliwaeleza kwamba hali ile inaletwa na puto linaloshikilia mpira ndani, linagusa kibofu tu, hakuna haja ya kukimbilia msalani. Basi mzee wa watu akaruka kukimbilia msalani, mfuko ameuacha unaning'inia ubavuni mwa kitanda! Yowe lake lilifika hadi maabara. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Nilimrudisha kitandani, nikageukia dirishani nicheke kidogo, Mungu anisamehe.

Kilichofuata kilitushangaza. Aliomba kalamu, akaanza kudadisi kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kubanwa kunakuja mara ngapi? Anywe glasi ngapi ndipo mkojo uache wekundu? Alifunga mfuko mguu wa kushoto, akahamia wa kulia. Akagundua kwamba plasta tunayobandika pajani inang'oa vinyweleo, jambo ambalo hakuna kitabu kilichowahi kumwambia. Aliporuhusiwa kwenda nyumbani, mkewe alimshonea suruali pana yenye mfuko wa ndani, akahudhuria kikao cha ukoo na hakuna aliyeshtuka.

Siku ya kumi alirudi kutolewa mpira. Akanywa maji, akafungulia bomba asikie maji yakitiririka, akazunguka korido. Saa tano zikapita, hata tone. Ikabidi tumrudishie mpira. Hapo utani uliisha; alilia, tena mbele yetu. Kesho yake akamletea matroni barua ya kuacha kazi mapema. Aliandika kwamba haoni tena atasimamaje mbele ya mgonjwa kumwambia ni kawaida. Matroni hakubishana. Aliitia barua kwenye droo, akamwambia hapokei barua ya mtu mwenye mpira, aje akishautoa.

Wiki moja baadaye ukatolewa tena. Tulijifanya tuko bize, lakini wodi nzima ilikuwa imetega masikio kwenye mlango wa msalani. Akatoka ameinua chupa ya kupimia juu. Mililita mia mbili na arobaini! Wagonjwa wakapiga makofi, na matroni akaichana barua kwa mikono yake.

Alirejea kazini mwezi wa kumi na moja, bado amevaa pedi kwa sababu mkojo ulikuwa ukimvuja, na hakumficha mtu. Tangu siku hiyo hajasema kawaida. Anavuta kiti, anakaa, anauliza unabanwa wapi. Na vinyweleo vya paja sasa tunavinyoa kwanza.

Wiki iliyopita dereva mmoja aligoma kwenda nyumbani na mpira, hataki wakwe zake wamwone hivyo. Mzee wetu alikaa naye saa nzima, akamsimulia yote, hata kile kilio. Jioni ile dereva alimpigia mkewe simu aje kumchukua.

Kaka, asante kwa miaka thelathini na tatu. Asante zaidi kwa hii miezi minane ya mwisho, ambayo nusura utunyime. Nenda kapumzike na shemeji yetu, afya ikujae, na usingizi wako usikatike mpaka kunakucha.