Tisa kwa Kumi

Tulipotoka kituo kikuu cha mji wa Scranton, Marekani, basi zima lilishajua kwamba Maeve anataka udaktari. Baba yake, kiti cha mbele yangu, alimsukumia dada wa sare za hospitali aliyeketi kando yake kijitabu cha chuo kimoja.

"Soma mwenyewe! Katika kila wahitimu kumi wa chuo hiki wanaoomba shule ya udaktari, tisa huchukuliwa. Kesho namwandikisha."

"Wanaoomba, Baba Maeve, au wanaoruhusiwa kuomba?"

"Si ni walewale?"

"Bila barua ya kamati ya chuo ya kukupendekeza, shule nyingi za udaktari hazikutazami. Na kamati ikikutilia shaka, barua hupewi."

"Hao ni wavivu."

"Aliyeanguka kemia muhula mmoja, mama yake akiwa mahututi, naye mvivu?"

Mzee alipandisha sauti, kana kwamba hatukuwa tukimsikia. "Nani kakutuma? Unapigia debe chuo kingine?"

Basi lilisimama mbele ya hospitali. Yule dada aliinuka, akamrudishia kijitabu chake.

"Nimesoma hapo miaka minne. Sasa nawatoa watu damu, ghorofa ya pili. Katika hao kumi wako, mimi hata sikuhesabiwa."