Mashine Isiyotoa Ncha Moja

Vuteni viti, wanangu, na msikae mmoja dirishani na mwingine mlangoni kama mashahidi wa pande mbili mahakamani. Njooni hapa karibu, huyu kushoto na huyu kulia, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo moja mara mbili. Mama yenu mdogo yupo pale pembeni, yeye ndiye shahidi wangu. Nikisahau neno atanikumbusha, nikilia atajifanya hajaona, tumeshakubaliana.

Spana, mwanangu wa kiume, zima hiyo simu. Najua nani anapiga. Mauti yenyewe yamekaa hapo nje yananisubiri kwa adabu, sembuse mnunuzi wa chuma chakavu na lori lake.

Naanza na mepesi. Nyumba hii haiuzwi wala haigawanywi tofali kwa tofali. Mama yenu mdogo atakaa chumba chake cha nyuma mpaka siku zake ziishe, na asije mtu akamtajia habari ya kodi. Nguo zangu achukue anayezitaka. Baba yenu mdogo akija msibani mpeni kiti cha mbele, mpeni chai, lakini msimpe nafasi ya kuhutubia. Huyu ndiye aliyekuja kaburi la baba yenu likiwa bado bichi, akasema chuma kinarithiwa na wanaume na mimi nitafute cherehani. Nikamwambia sawa, shemeji, ingia karakana, washa. Akaifunga kamba ya chuma kwenye mashine, akakunja uso kifundi, akazungusha gurudumu kinyume cha msokoto, na kamba ikafumuka mbele ya watu wote ikawa kama ufagio uliozeeka. Aliondoka bila kuaga. Nimemsamehe, moyo wangu mweupe kabisa. Ila hotuba asipewe.

Sasa nakuja kwenye zito, nanyi mnalijua, ndiyo maana hakuna anayenitazama usoni.

Ile mashine iliyo nyuma ya ukuta huu imewalea. Mlilala kwa ngurumo yake mkiwa wachanga, na mpaka leo ikipitisha umeme, kijiko kilichomo kwenye glasi yangu hapa mezani hulia chenyewe. Watu wa mtaani wananiita Mama Ncha na wanadhani kazi yetu ni kukata kamba. Kukata hata msumeno unakata, lakini kamba ya chuma ikikatwa kwa msumeno nyuzi zake zinachanua, zinamchana fundi viganja, na kwenye tundu la kapi haziingii ng'o. Sisi tunaibana kwa taya za shaba huku na huku, umeme unapita pale katikati mpaka panakuwa pekundu, kisha rangi ya chungwa, na hapo mwenye gurudumu anazungusha kufuata msokoto huku akivuta, pale penye moto panakonda, panazidi kukonda, mpaka panaachana penyewe, na kila upande unabaki na ncha iliyochongoka kama penseli, nyuzi zote zimeyeyuka zikashikana kuwa chuma kimoja. Nimesema kila upande. Maisha yote niliyosimama pale, nyusi zangu zikiungua na kuota na kuungua tena, sijaiona mashine ile ikitoa ncha moja.

Baba yenu alishika gurudumu, mimi pedali ya umeme, na katikati yetu lile bati la kuzuia cheche. Nyuma ya bati lile mwenye pedali haoni taya wala mikono iliyomo. Ndiyo maana tuliweka maneno. Yeye aseme, "Nimetoa mikono." Mimi nijibu, "Nakanyaga." Bila la kwanza mguu wangu hausogei, hata mteja apige honi nje mpaka betri ife. Kuna masika mimi na yeye tulinuniana tangu mvua ya kwanza mpaka ya mwisho. Alikula kimya, akalala amenipa mgongo, nami nikampa wangu tukawa sawasawa. Lakini kazini, kila kamba iliyoingia kwenye taya, mtu yule aliniambia ametoa mikono, nami nikamjibu nakanyaga. Hatukuwa na maneno mengine. Nadhani hayo ndiyo yaliyotubakiza mume na mke.

Nanyi, badala ya maneno, mmeniletea spana.

Chanzo nakijua. Zile kamba za winchi ya wajenzi. Spana, ulizibana pete za alumini za kushikia mzigo juu ya pale palipoungua, kwa sababu ncha ikimezwa na pete kazi inapendeza macho. Inapendeza, mwanangu, lakini chuma kilichopita motoni kimelegea, na ncha ile kazi yake ni kuiongoza kamba ipite tunduni, mzigo haibebi. Nilisema siku ile ile mbele ya watu kwamba dada yako yuko sahihi, na leo sipunguzi hata nukta.

Na wewe Mkaguzi, usinyanyue kichwa haraka hivyo. Ulikuwa sahihi, ndiyo. Lakini ulichukua grainda ukazikata zote mbele ya msimamizi wa mteja, moja baada ya nyingine, ukimkazia macho kaka yako kila cheche zikiruka. Ungeweza kumvuta pembeni ukamnong'oneza. Hukutaka. Ulitaka aone, na aonekane akiona. Naye akakujibu papo hapo kwamba wewe ni mkaguzi usiye na ofisi, jina ambalo umelishona kwenye aproni yako ili kila asubuhi asome alichosema.

Najua kwa nini neno lile lilikuunguza kuliko moto wa taya. Nimeona ulivyozunguka na vyeti mpaka bahasha ikachakaa. Najua wale wa maofisini wanavyokwambia lete uzoefu, kana kwamba uzoefu unauzwa dukani kwa kilo. Wanakwambia tutakupigia, na simu yako ikiita ni kampuni ya simu inakubembeleza ununue bando. Wamekalia viti vyao, wamekalia na vyenu, na wakisimama wanaweka koti juu yake kuonyesha wanarudi. Kasirika, mwanangu, una haki zote. Lakini hasira hiyo ina anwani yake, na pedali siyo anwani yake.

Basi mkaacha kusemezana, mkaanza kugonga bati kwa spana. Pigo moja, mikono imetoka; mawili, ondoa umeme. Mkajiona wajanja. Mimi nimelala hapa nasikiliza ukutani, nawaambia bati halina sauti ya mtu, mnaambiana, au tuseme kila mmoja anamwambia mama yenu mdogo, kwamba homa imenipanda. Mpaka juzi fundi magari wa jirani alipoligonga bodi la gari lake, pigo moja tu, safi, na wewe binti yangu ukakanyaga, na mkono wa kaka yako ulikuwa bado kwenye taya unainyoosha kamba.

Glovu ndiyo iliyombakizia vidole. Nyanyua huo mkono, Spana, aone bandeji. Hapana, usiufiche. Aone.

Nilikisikia ulichosema baadaye, kwamba alikusudia. Hakukusudia. Yeye hakuona, wewe hukusema, na wote mlikuwa mnaona kusema ndiyo kushindwa. Basi ukamwita mwenye lori, umuuzie mashine kama vyuma vya kupima kwa mzani, na leo yuko getini. Sikulaumu kwa kuogopa. Aliyeungua na asiogope si fundi, ni chizi.

Nipe maji. Kidogo. Inatosha.

Sikieni hukumu yangu. Mashine sikupi wewe, wala sikupi wewe. Nawapa wote wawili, au simpi mtu. Mama yenu mdogo ameweka kipande cha kamba juu ya benchi. Zile spana za kugongea zote ziko hapa uvunguni mwa kitanda changu, amezikusanya mlipokuwa mnanawa. Mtaingia karakana sasa hivi mkachome ncha. Nikisikia sauti zenu kupita ukuta huu, mashine ni yenu na lori liondoke tupu. Nikisikia kimya, au mtu akigonga bati kwa kitu chochote, hata kwa pete ya kidole, mama yenu mdogo atamfungulia yule bwana geti, mtagawana mtakachopata, na kila mmoja ashike njia yake akiwa na vidole vyake. Hiyo nayo ni baraka, ingawa nyembamba.

Sikuambii umpende dada yako. Mwambie tu mikono yako iko wapi. Na wewe sikuambii umwombe radhi leo, nakujua, itakuchukua muda. Ngoja tu akuambie, kisha umjibu. Mengine yatakuja au hayatakuja, mimi sitakuwepo kuyasimamia.

Mkishanizika msifunge karakana muda mrefu, grisi itaganda. Aproni yangu ya ngozi iacheni kwenye msumari wake. Ncha mtakazochoma leo nileteeni zote mbili, zikiwa bado na joto, na mkinikuta nimelala niwekeeni moja kila kiganja, msiniamshe.

Leteni vichwa. Hivi. Mungu awape macho yasiyopofuka kwa cheche, na mapafu safi kuliko haya yangu. Awape wateja wasiopiga honi. Kamba mlizozifunga nyinyi zisimwangukie mtoto wa mtu. Mlichotoka nacho tumboni kwangu, vidole kumi huyu na kumi huyu, mzeeke nacho. Na siku ofisi ikikuita, binti yangu, uende kwa kutaka, si kwa kukimbia.

Nendeni. Mlango uacheni wazi.

Wameshatoka? Nyanyua mto, mdogo wangu. Kidogo tu. Hapo.

Huyo ni Spana, anaburuta kiatu kama baba yake. Benchi hilo wanasogeza. Taya... nimesikia taya. Amefunga.

Kimya.

Usiende getini bado. Wape muda. Wape.

Unasikia? Dada mtu anamwambia kamba imekaa upande. Naye anamjibu... anamjibu aende akakague ofisini kwake. Ah, mtoto huyu. Mkono umeungua, mdomo mzima.

Nani amecheka? Ni binti yangu yule? Sijamsikia akicheka tangu... Nyamaza. Nyamaza kwanza.

"Nimetoa mikono."

Umesikia na wewe. Siyo homa yangu. Ametoa mikono.

Jibu, mwanangu. Usimwache pale. Jibu.

Jibu.

Amejibu. Kamwambie mwenye lori... aende zake. Hapana, kaa. Kaa kidogo na mimi, ataondoka mwenyewe.

Hicho kijiko... usikitoe kwenye glasi. Kiache. Kiache kilie.