Kigingi cha Mwisho cha Njia ya Busawe

Leo, tarehe 30 Juni 2025, imetimia miaka thelathini na minne na miezi minne tangu Mzee Nashoni Waitara atoke kwake Busawe kuja kushika tepu ya kupimia barabara. Leo anastaafu. Vyeo na vyeti vyake wakubwa wa ofisi watavieleza. Mimi Erasto, kibarua kutoka Namtumbo niliyeishia darasa la tano, nimeombwa niandike kwa sababu kwa miezi kumi na tano nimeshika ncha ya pili ya tepu yake.

Kazi yenyewe ni hivi. Barabara inapoanzia tunapiga kigingi cha sifuri. Kutoka hapo, kila mita hamsini kigingi kingine, na kila kigingi kina namba. Ukisoma 2+300, jua umeiacha sifuri nyuma kilomita mbili na mita mia tatu. Mafundi wa kalavati, yale matundu ya kupitishia maji chini ya barabara, wakija baadaye, wanachimba panaposema namba. Mitaa ya mji wa Tarime Mzee ameipima karibu yote, na kila mtaa una sifuri yake pale unapoachana na mwenzake.

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mihogo, mwenzetu anayetutangulia na bendera ya kunyooshea mstari huonekana kama anaelea. Unatembea juu ya barabara ambayo bado haipo. Mzee hutembea taratibu, midomo inacheza. Anahesabu. Hatua zake sitini na sita ni mita hamsini, na kilomita ikiisha anahamisha kokoto moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Mkewe, Mama Agustina, anasema hata kanisani huenda mbele akihesabu. Mimi nikilala naota naipima njia ya kwetu, na hatua ninazozisikia ni zake.

Kule Kewanja kigingi kimoja kilipotea. Tulikikuta nyuma ya nyumba ya mama mmoja, Scholastica, kimefungiwa mbuzi. Sisi tulianza kufoka. Mzee akakaa chini, akachonga kigingi kingine kizuri zaidi, akamhamishia mbuzi kwenye kipya, akachukua cha serikali. Scholastica akamwambia, "Baba, mpoteze na vingine." Mpaka leo akipita pale haondoki bila uji.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa njia ya kutoka Kenyamonta kwenda Busawe, mpaka getini kwake. Amepima za watu wote, hiyo haikuwahi kufikiwa. Mama Agustina alikuwa akimchokoza: "Njia ya nyumbani kwako ndiyo inakushinda?" Mzee alitaka apige kigingi cha getini kwa mkono wake kabla ya leo. Siku zilitosha.

Kosa nililifanya mimi. Nilikuwa nimechoka, jua limenipiga, nikaandika 2+350 kwenye kigingi kilichotakiwa kuwa 2+300. Vyote vilivyofuata vikajidai mita hamsini ambazo hatukuzipima. Tulipofika kwenye kigingi cha kilomita ya sita, Mzee alisimama, mkono mfukoni, kokoto haitoki. Alisema miguu yake bado haijafika sita.

Mpimaji wetu, Revocatus, akacheka. "Shikamoo Mzee, miguu imezeeka hiyo!"

"Marahaba. Imezeeka yote miwili pamoja, hakuna uliomdanganya mwenzake."

Tulirudi nyuma na tepu mpaka tukaliona kosa. Revocatus akashauri tuandike maelezo kwenye daftari, tuendelee, ili Mzee awahi getini kwake. Mimi niliomba Mungu, Mzee akubali. Mzee akajibu, "Fundi wa kalavati hatakuja na daftari lako. Atasoma mti. Atachimba juu kwenye shamba la mtu, na maji yatapita chini."

Hakuniuliza nani aliandika. Alinipa kopo la rangi na brashi. Tulifuta na kuandika upya vigingi sabini na vinne, siku nne, mvua isiyo ya majira ikatuongezea mbili. Jana jioni tuliishia penye mita elfu moja na mia nane kabla ya geti lake. Aliangalia upande wa nyumbani, moshi wa jiko lake ukionekana, kisha akakunja tepu taratibu na kunikabidhi.

Mzee Nashoni, asante. Kosa langu lilikugharimu geti lako, na hukunitolea neno. Vibarua wote tunakuombea afya, ng'ombe waongezeke, na utembee sasa bila kuhesabu.

Amesema ofisini harudi tena. Kazini atarudi siku moja tu, Alhamisi tarehe 10 Julai, ambayo kwa hesabu yetu tepu itafika kwake. Atatusubiri getini na kigingi alichokwisha kukichonga, hakina namba. Ameagiza namba niiandike mimi.