Mwalimu wa Fizikia na Mtawa wa Kibudha

Fundi cherehani aliitambua ile sauti kabla hajainua macho. Ilikuwa ya mwalimu wake wa fizikia wa zamani, mvi tupu sasa, ameketi kiti cha mbele yake kwenye treni, akibishana na mtawa wa Kibudha aliyekutana naye humo humo safarini.

"Katika fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa," alisema mwalimu, "elektroni haina mahali maalumu mpaka uipime."

"Sisi tunasema hivyo tangu enzi na enzi," mtawa akajibu. "Hakuna kitu kinachosimama peke yake. Kila kitu kipo kwa sababu ya kingine."

"Taratibu, ndugu yangu! Mimi nina hesabu na vipimo. Maneno kufanana si hoja."

Fundi alitabasamu. Miaka thelathini, na bado mzee alikuwa akimkatiza mtu vilevile, kidole juu. Alilikumbuka darasa lile, vumbi la chaki likielea kwenye mwanga wa dirisha, na yeye dawati la mbele, haambulii kitu lakini hataki kengele ilie.

"Na hizo hesabu zinakutuliza moyo?" mtawa aliuliza kwa upole.

Mwalimu akashusha kidole. "Alipofariki mke wangu, hapana."

"Basi..."

"Basi nini? Hilo nalo halithibitishi kitu!"

Treni ikasimama. Mtawa akamshika bega, akashuka. Fundi akahamia kwenye kiti kilichoachwa wazi.

"Shikamoo, mwalimu. Ulinifundisha fizikia."

"Marahaba, mwanangu. Ulifaulu?"

"Nilifeli vibaya sana."

Mwalimu akacheka mpaka akatoa leso.