Mbunge wa Ndege: Maisha ya Yosefina Joachim Ligopola (1962–2025)

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Mimi ni Tekla Joachim Ligopola, dada mkubwa wa marehemu. Nimesoma hadi darasa la saba, la zamani lile, na maneno haya nimeyaandika kwa mkono wangu. Vijana wamepiga chapa tu. Atakayekuta kosa, awaulize wao.

Yosefina alizaliwa Namawala tarehe 19 Machi 1962, siku ya Mtakatifu Yosefu, ndiyo maana akapewa jina hilo. Alikuwa mtoto wa nne wa marehemu mzee Joachim Ligopola na marehemu mama Asteria. Alizaliwa shambani, juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia mpunga, kwa sababu maji yalikuwa yamefunga njia ya kurudi nyumbani. Mama yetu alikuwa akisema mtoto huyu alisikiwa na ndege kabla ya kusikiwa na baba yake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1970 hadi 1976. Akili alikuwa nayo, na mdomo pia. Siku moja darasa zima lilipelekwa kupalilia shamba la mwalimu mmoja, yeye akanyoosha mkono: "Mwalimu, hili ni somo gani?" Alichapwa viboko. Jioni nikamuuliza, "Sasa wewe ulikuwa unatafuta nini?" Akasema, "Jibu."

Tarehe 4 Oktoba 1986 alifunga ndoa na ndugu Alphonce Ngwembe, akaja kuishi hapa Lukangao. Wakati huo daraja halijajengwa, arusi ilivuka kwa pantoni pale Kivukoni. Tukiwa kwenye foleni ikaja gari ya mkubwa mmoja, ikapita pembeni ikataka kutangulia. Bibi arusi akashuka na shela lake, akaenda hadi dirishani. "Shikamoo baba. Sisi tulifika kwanza." Yule mkubwa alicheka, akarudisha gari nyuma. Shemeji Alphonce hakucheka. Ameniambia juzi kwamba siku ile ndipo alipojua ameoa nini.

Walikaa miaka mingi bila mtoto. Walitibiwa, walisali, wakasemwa. Mwaka 1998 Mungu akawapa Jenifer, na 2002 akawapa Sebastiani. Kazi ya Yosefina ilikuwa kilimo cha mpunga, na kiangazi alisuka mikeka.

Sasa nafika mwaka 2011. Wengine mmeniomba nipite haraka hapa. Sitapita haraka.

Sisi watu wa bonde tunajua, mpunga ukianza kutia maziwa kijiji kinahamia mashambani. Kila nyumba inapanda dungu lake kuamia ndege, kuwafukuza kutwa nzima, maana kwelea kwelea wakishuka nusu siku tu, umelima bure. Kijijini wanabaki wagonjwa na wenye maduka. Ni wakati huo huo, mwezi wa tano, mkutano mkuu wa kijiji ukaitishwa. Yosefina alikuwa ametoka shambani kufuata chumvi dukani kwa ndugu Zubeiri, akakuta tangazo limebandikwa mlangoni: bonde lote la chini likodishwe kwa mgeni mmoja kutoka mjini. Mkutano ni keshokutwa.

"Zubeiri, hili umelisoma?"

"Nimelisoma, Mama Jeni. Ila nani atakuja? Watu wote mko kwa ndege."

"Ndiyo maana wameliweka sasa."

Aliacha chumvi palepale. Alizunguka dungu hadi dungu, penye maji akapanda mtumbwi. Kwa kila familia alisema jambo moja: abaki mmoja aamie, wengine waje. Mzee Hermenegildi, ambaye yuko hapa, alikuwa akitega samaki, akamwona anapita na matope hadi magotini.

"Shikamoo Mheshimiwa! Jimbo lako linaanzia wapi?"

"Linaanzia kwenye mtumbwi wako, kaka. Nivushe."

Akamvusha. Jina la Mbunge wa Ndege likaanzia hapo, na halikumtoka tena.

Kwenye dungu lake mwenyewe aliyebaki ni shemeji Alphonce. Asubuhi ile ya mkutano alimwambia, "Mama Jeni, leo kichwa kinanigonga." Yosefina akajua ni zile sababu za mwanaume asiyependa kuamia peke yake. Akamjibu, "Ndege hawaulizi kichwa," akaondoka. Jenifer alikuwa shuleni, darasa la saba.

Watu walikuja mkutanoni na manati shingoni. Uwanja ulijaa. Mwenyekiti wa wakati ule alishangaa: "Ninyi si mko mashambani?"

Yosefina akasimama. "Mwenyekiti, tumeacha mpunga ili tuje. Kwa hiyo usitusomee haraka haraka. Bonde likienda, hawa watoto watalima wapi?"

"Mama, mambo haya ya siasa waachie wenyewe."

"Wenyewe ni akina nani, baba?"

Mwenyekiti akatazama makaratasi yake. Alivuta mkutano hadi jua likazama, labda watu wachoke waondoke. Hawakuondoka. Mikono ikanyooshwa, bonde likakataliwa kukodishwa. Yosefina alibebwa juu juu kwa vigelegele.

Aliporudi shambani alimkuta mumewe chini ya dungu, anatetemeka kwa malaria, haongei. Ndege walikuwa wameshuka tangu asubuhi. Mpunga umebaki mabua.

Shemeji alipona. Lakini mwisho wa mwaka Jenifer akafaulu kwenda sekondari, na wakati ule sekondari ilikuwa bado ya kulipia. Kule Namawala na sisi mafuriko yalikuwa yametupiga, hatukuwa na cha kumchangia. Waliombeba juu juu wengi wao hawakupita nyumbani kwake hata kumpa pole. Mzee Hermenegildi alipita, na kambale wawili. Wengine walisema, "Si alitaka siasa? Akale siasa." Nasema haya kwa utulivu, simtafuti mtu. Ila nyie mnaolima bonde la chini, na msio na neno baya juu yake leo, mjue shule ya Jenifer iliishia pale.

Mwaka 2014 alichaguliwa kuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Shemeji alimkatalia, nami nikamkataza pia. Akatuambia, "Nimeshalipa kiingilio, mnataka nikae nje?" Katika miaka yake kumi pale hakujenga nyumba ya bati jipya. Alichofanya ni kupitisha kwamba mkutano wa ardhi hauitwi wakati wa kuamia ndege, na hadi leo hauitwi. Pia bonde la chini lilipogawiwa vijana mwaka 2017, alitoka nje ya kikao jina la Jenifer lilipofika, ili isisemwe amempendelea. Jenifer alipata kipande chake.

Mwaka 2023 alianza kuugua presha, baadaye figo. Alitibiwa hospitali ya Ifakara, ametoka, amerudi. Wiki iliyopita mimi na Jenifer tulikuwa kando ya kitanda chake. Akamwambia mwanawe, "Mwanangu, mimi nilikunyima shule."

Jenifer hakukimbilia kusema hapana. Alimkunjia shuka miguuni, kisha akasema, "Mama, mpunga ule ulikuwa wa shule yangu. Wa kusema kama ulipotea bure au la ni mimi."

"Haya, unasemaje?"

"Sijaamua."

Yosefina alicheka hadi akakohoa. "Huyu nimemzaa mimi. Ukiamua, uje uniambie."

Alifariki Jumatano tarehe 14 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka 63. Ameacha mume, Alphonce. Watoto wawili, Jenifer na Sebastiani. Mjukuu mmoja, Asteria. Kaka yake, Fulgensi wa Mlimba, na mimi dada yake.

Nimeona leo mmekuja wengi, na wengine mna manati shingoni. Najua ni mwezi gani huu na najua mmeacha nini. Tukimaliza kuzika, msikae sana kwenye turubai. Kaamieni.

Asubuhi nilimuuliza Jenifer, "Shambani kwako kuna nani?" Maana kipande chake kiko bonde la chini, na mpunga wake umetia maziwa.

Akasema, "Hakuna mtu, mama mkubwa. Leo waacheni ndege wale mpunga."

Yosefina mdogo wangu, nimekuletea jibu la mwanao. Lala kwa amani ya Mungu, huko ambako huhitaji kuamia.